Nilimupaka Mamzeli Mafuta ya Gari

Mimi ndiye nilimupaka sungura mafuta ya gari. Naanza na hiyo, ili mwenye kutaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele kicheko ni kidogo.

Na si mafuta safi, hapana! Yale meusi ya vidanji, yanayomwagwa chini ya lori fundi akibadilisha. Nilimupaka tumbo zima kwa kitambaa, polepole, kama mutu anayemupaka mutoto aliyetoka kuoga. Kisha nikajisifu. Nikajiambia: wewe dada, ungekuwa docta!

Jina langu sitasema. Bukavu ni ndogo, na kwa avenue yetu wananijua vya kutosha: ule binti wa nyumba ya mbao, ule asiyetoka. Kweli sitoki. Tangu nimalize sekondari, section pedagojia, mulango wetu unanijua upande wa ndani tu. Kuna wanaozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Kufagia, kupika, kusikiliza radio ya voisine, jirani yetu, kupitia mbao, njo maisha niliyoyapenda. Vita ilipokuja ikanipa ruhusa. Nani atakuuliza kwa nini hutoki, na inje wanapiga risasi?

Mushike hilo la risasi. Ndilo nakuja kuungama. Mafuta ya vidanji ni mutoto wake tu.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Congo. Nyumbani tulikuwa watatu: maman, kaka yangu Innocent, na mimi. Papa alikuwa amekufa zamani, kwa ugonjwa, kitandani kwake, kifo ambacho miaka ile watu walikionea wivu.

Innocent alikuwa anapeleka sabuni na chumvi Kamanyola, anarudi na muchele. Siku moja alipitia Mumosho, akafika nyumbani na kitu kinachopumua ndani ya koti. Sungura mweupe, mudogo kama mukate. Akamuweka kwa mapaja ya maman.

"Maman, unichungie huyu. Nikirudi safari hii tunaanza kufuga. Tutakuwa matajiri ya masikio marefu."

"Anaitwa nani?" maman akauliza.

"Mamzeli," akasema, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Sawa ule mwingine wa hapa nyumbani mwenye kukosa bwana."

Nikamutupia mufagio. Akauruka, akacheka, akaenda kupanda lori. Sina picha nyingine ya mwisho ya Innocent. Anacheka, na mufagio wangu uko chini ya miguu yake.

Juma ile ile barabara ikafungwa.

Maman alikuwa na magoti mabovu. Kutoka kitandani mpaka kiti cha jikoni ilikuwa safari yake ya siku nzima. Kila jioni nikigeuza bugali, alikata kipande, akakiweka kwa sahani ya Innocent, akafunika. Asubuhi tulikikula baridi, jioni akakata kingine. Miezi ikapita hivyo. Na kula kwenyewe, maman alikula tu Mamzeli akiwa kwa mapaja yake. Ukimuondoa sungura, maman anasukuma sahani. Ukimurudisha, anavuta. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani, mumoja wa masikio marefu, mumoja wa nywele nyeupe.

"Huyu akizaa," maman alizoea kusema, "wa kwanza ni wa Innocent. Mutu hawezi kuacha kintu yake. Atakuja kuchukua."

Noeli ikafika bila nyama. Voisine wetu, Maman Nabintu, akaingia na sufuria tupu kichwani kama kofia. Maman Nabintu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pale soko ya Nyawera, na mudomo wake hauna pazia.

"Tusaidiane," akasema. "Mimi niko na dume ya sungura, nyiye muko na jike. Tunaingiza zote mbili mu sufuria, batoto banakula, Yesu anazaliwa, byote bimeisha."

"Hii ni ya Innocent," maman akajibu.

"Innocent atakula yake akirudi. Siye njaa yetu ni ya leo."

"Nabintu, utoke na sufuria yako."

Akatoka akicheka. Dume lake naye hakulichinja. Alilihurumia, ingawa hawezi kukubali mpaka kesho. Aliliita Komanda, kwa sababu lilizoea kuingia kwa watu bila kubisha.

Na njo namna Komanda aliingia kwetu, siku moja ya mwezi wa pili, kupitia tundu la mbao nyuma ya jikoni. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nikasikia kishindo, nikageuka, Komanda amekwisha kumupanda Mamzeli na kuanguka ubavu kama mutu aliyezimia. Hata nusu ya Salamu Maria ilikuwa haijaisha!

"Maman Nabintu! Uje umuone bwana wako!"

Akachungulia juu ya mbao. "Ametoa mahari?"

"Hata bonjour hakutoa!"

"Basi Mamzeli amekupita, ma fille. Ule wa miguu mine ataitwa maman mbele yako."

Avenue nzima ilicheka. Nilicheka pia, ningefanya nini? Lakini rohoni nikasema: mimba gani ya nusu Salamu Maria? Mimi nilisoma biologie! Chura nilimuchora vizuri kuliko darasa nzima.

Maman yeye hakubishana. Alichukua kopo tupu la maziwa, akatia haragi moja la kuhesabu siku. Kesho yake akatia la pili.

Mimi hofu ikanianza. Siku zile kila kitu chenye kupumua na chenye kulika kilikuwa siri ya nyumba. Mbuzi wa avenue walienda na basoda wenye bunduki, kuku wakafuata, hata bata wa katekista. Mamzeli alibaki kwa sababu hana sauti. Sasa wakiwa saba, wanane? Wataruka inje, watoto watashangilia, na viatu vikubwa vitakuja kuuliza shangwe ni ya nini. Basi nikaanza kuwaza kumukatisha kizazi. Kama hana mimba, akatwe, tumalize. Kama anayo, basi tujue mapema tumufiche.

Nyuma ya soko ya Nyawera kulikuwa na muzee tuliyemuita Docta wa Ng'ombe. Alikuwa veterineri wa serikali, tangu enzi ile serikali ilikuwa inakumbuka kulipa. Ng'ombe wake wote waliibiwa kule milimani, sasa alibaki na kabati moja, dawa ya kupe, na muda.

Siku ya mardi, jumanne, nikajikaza nikatoka. Nilimuweka Mamzeli ndani ya mufuko, akaupasua kwa kucha. Nikaona afadhali nimubebe mugongoni kwa kikwembe, kama mutoto. Maman Nabintu alikuwa njiani nami na beseni yake ya sambaza, anatembea mbali kidogo ili watu wasidhani tuko pamoja.

Kufika sokoni, masikio yakatoka.

"Maman, mutoto yako amesikia mingi!" mubeba mizigo mumoja akapiga kelele.

"Baba yake njo nani?" mwingine akauliza. "Tumupe pole!"

"Umunyonyeshe karoti!"

Nyawera nzima! Wanawake wenye kuuza makala ya kupikia waliweka mizigo chini ili wacheke vizuri. Nilitembea nikiwa na jasho la masikio, na mutoto wangu mugongoni anatafuna uzi wa kikwembe. Siku ile nikaapa: huku sirudi tena.

Docta wa Ng'ombe alimupokea Mamzeli kama mugeni wa heshima. Alipanguza meza.

"Unataka tumukate kizazi? Sungura?"

"Inawezekana, Docta?"

"Ng'ombe nimekata, mbuzi, imbwa. Sungura nilifanya moja, kule kwa masomo. Iliishi mpaka saa kumi na mbili."

"Ya asubuhi?"

"Ya jioni. Ya siku ile ile." Alinitazama juu ya miwani. "Mimi sikudanganyi, binti yangu. Lakini leo nina mikono mizuri kuliko ile, na dawa ya usingizi nimebakiza ya mara moja. Naweza kumuwekea yeye."

Akapitisha vidole chini ya tumbo, macho ameyafunga, kama mutu anayetafuta ufunguo gizani. Mamzeli alitulia.

"Kuna kitu kama zabibu," akasema. "Ni batoto, ao ni mavi. Siku kumi na ine ni mapema kwa vidole vya muzee. Kama ni mimba, hatukati, tutamuua. Urudi mardi ijayo, saa tatu. Hapo hakuna kujificha. Kama hana, namukata pale pale. Kama anayo, nakuonesha namna ya kumutayarishia pa kuzalia, maana sungura si kama dende."

Dende ni wale wanyama wadogo kama panya, wasio na mukia, wanaofugwa jikoni. Kwetu kila mutu alikulia kati ya dende. Nikacheka moyoni: muzee huyu ananifundisha nini? Dende na sungura, si ndugu? Wote wanakula majani, wote wanazaa kwa fujo!

Nikashukuru, nikapitia njia ya nyuma, masikio ya Mamzeli nimeyafunga kwa kitambaa.

Mardi ijayo ikafika.

Ndugu zangu, siku ile jua lilikuwa zuri. Saa mbili nilikuwa nimevaa. Kikwembe kiko tayari, Mamzeli amekula majani yake ya viazi. Maman alikuwa ametia haragi la makumi mbili na moja, ananitazama kama mutu anayengojea barua.

Nikakaa kidogo. Nikasema nikunywe kwanza chai. Nikakunywa. Nikaona jikoni kuna takataka, nikafagia. Nikawaza wale wabeba mizigo, masikio, "umunyonyeshe karoti". Makalio yakazidi uzito. Saa tatu ikapita.

Maman akaita toka chumbani: "Bado uko?"

Na mimi, mutu mwenye diplome, mukristu aliyepata kipaimara, nikajibu: "Maman, siwezi kwenda. Wanapiga risasi kule Nyawera."

Neno lilitoka lenyewe. Halikunisumbua hata kidogo! Miaka ile ukisema risasi, hakuna anayeuliza swali la pili. Mutu akichelewa kazini, risasi. Akikosa harusi ya shemeji asiyemupenda, risasi. Wote tulifanya. Sasa mutu atajuaje ipi ni ya kweli?

Lakini maman alifanya ishara ya musalaba. "Yesu wangu! Nyawera na watu wote wale? Lete rozari."

Tukasali. Maman alisali rozari nzima kwa ajili ya watu waliopigwa risasi Nyawera, watu ambao saa ile walikuwa wanauza nyanya. Aliwaombea waliokufa, waliojeruhiwa, mama zao. Mimi nilikuwa nachambua maharagi na kuitikia. Makumi yote tano, niliitikia. Sauti yangu haikutetemeka.

Jioni Maman Nabintu akarudi, beseni tupu, anapiga miluzi. Maman akamuita kabla sijamukonyeza.

"Nabintu, umepona? Wanasema kulikuwa risasi kwenu."

Maman Nabintu alinitazama. Alitazama kikwembe changu safi, viatu vyangu visivyo na vumbi. Nikatazama sufuria.

"Ndiyo, maman," akasema. "Kidogo."

Akaenda kwake. Hakupiga miluzi tena.

Mutauliza: kwa nini sikwenda kesho yake, mercredi? Kwa nini si jeudi? Mimi pia najiuliza, na jibu langu ni aibu tupu. Nilisema nitangoja mardi nyingine. Mardi nyingine ilinyesha. Na nilikwisha kuiamini biologie yangu.

Haragi la makumi tatu liliingia asubuhi ya jeudi. Siku ile Mamzeli akageuka kichaa. Alikuwa anachukua majani kwa kinywa, mafungu mafungu, anayapeleka chini ya kitanda cha maman.

"Angalia," maman akasema. "Anabeba majani kwa kinywa na hakuli. Kwa nini?"

"Ni njaa mbaya, maman."

"Njaa yenye kubeba?"

Nilikuwa nimeona jambo lingine: Mamzeli anajing'oa manyoya ya tumbo. Anavuta kwa meno, kishungi kwa kishungi, ngozi inabaki nyekundu, uchi. Chini ya kitanda manyoya yamejaa kama pamba ya matelasi iliyopasuka.

Nikapiga mukono kichwani. Upele! Ule ule wa imbwa, wenye kula manyoya! Na imbwa wa kwetu wakishikwa na upele dawa ni moja, kila mutoto anaijua: mafuta ya vidanji. Dende mwenye mimba sijapata kumuona anajing'oa hata unywele. Dende anazaa palipo, na watoto wake wanatoka wamevaa, macho wazi, wanakimbia, kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Basi hii si mimba. Hii ni gonjwa.

Mutu asiyetoka nyumbani, siku ile alitoka! Nilikimbia mpaka garaje ya kona, nikaomba kopo. Kwa ujinga miguu yangu ilikuwa mizima kabisa.

Nilimupaka. Alipigana, alinikwaruza mukono huu mpaka leo alama iko. Kisha nikafagia chini ya kitanda. Majani yote, manyoya yote, nikatupa kwa moto wa jikoni ili ugonjwa usisambae. Nikamufungia ndani ya sanduku la mbao, tupu, safi, bila jani moja, ili dawa ikauke.

"Maharagi ni makumi tatu leo," maman akasema kutoka kiti chake.

"Maman, acha maharagi! Mimi nilisoma!"

Ile njo mara ya mwisho maman alibishana nami juu ya kitu chochote.

Asubuhi nilifungua sanduku. Walikuwa sita. Uchi, wekundu, macho yamefungwa, kila mumoja kama kidole cha mutoto. Walikuwa wametawanyika kwenye mbao, kila mumoja peke yake, na mbao ilikuwa baridi kama kaburi. Mamzeli alikuwa pembeni anajilamba tumbo. Anavuta manyoya, manyoya hayatoki, mafuta yameyagandisha. Aliyatafuta ya kuwafunika watoto wake, na mimi nilikuwa nimeyachoma.

Watano walikuwa wamekufa. Wa sita alifungua kinywa bila sauti.

Maman alinyoosha mukono. Nikamupa yule wa sita. Akamutia kifuani, ndani ya blauzi, akafunika na kikwembe, akakaa hivyo bila kujongea. Niliwasha babula, lile jiko la makala, nikachemsha maji, nikachemsha tena, kana kwamba maji yangesaidia.

"Huyu ni wa Innocent," alisema mara moja tu.

Saa sita alitoa mukono kifuani na kuniwekea mutoto kwenye kiganja. Hakusema amekufa. Aliniwekea tu.

Mamzeli naye, kujilamba kote kule, mafuta yakamuingia. Siku ya kwanza aliacha majani. Siku ya pili alikuwa anakaa amejikunja, anasaga meno. Asubuhi ya tatu nilimufunga mugongoni nikakimbia Nyawera, masikio inje, na sijui kama walinicheka. Kama walicheka, sikusikia.

Docta wa Ng'ombe alimugusa, akanusa vidole vyake.

"Umemupaka nini?"

Nikamuambia yote. Upele, mafuta, kufagia. Aliondoa miwani.

"Binti yangu, alikuwa anatandika. Watoto ya sungura wanazaliwa uchi, mama anawavalisha na manyoya yake. Hiyo njo nilitaka kukuonesha. Mardi nilikungojea. Nilichemusha sindano zote."

"Docta, mardi ile walipiga risasi."

"Wapi?"

"Hapa... Nyawera."

Hakukasirika. Afadhali angenipiga! Alionesha kiti kilichokuwa inje, mbele ya fundi wa viatu.

"Mardi ile nilikaa pale tangu saa tatu mpaka saa saba, tunacheza dama na huyu, nakuangalia njia. Alinishinda mara ine."

Fundi wa viatu akainua kichwa. "Mara tano, Docta."

Mamzeli alifia mugongoni mwangu, kwenye mupando wa kurudi. Nilijua, kwa sababu uzito ulibadilika. Lakini sikumushusha. Nilimubeba mpaka nyumbani hivyo hivyo, kama mutoto amelala.

Nilimuzika nyuma ya jikoni, karibu na lile tundu la mbao. Maman hakulia. Jioni niligeuza bugali, nikangoja akate kipande cha Innocent. Alikata chake, kidogo, akakiangalia, akakirudisha kwa sahani. Ile sahani nyingine hakuigusa. Nikasema labda amesahau. Kesho yake nikamuwekea mbele, nikaifuta vizuri.

"Weka kabatini," akasema.

Tangu siku ile hakutaja tena jina la Innocent wakati wa kula. Aliendelea kumutaja kwa sala tu, lakini, oh, sikilizeni, alimuhamisha! Zamani alimuombea pamoja na wasafiri. Sasa alimuweka kati ya marehemu: papa, bibi, Innocent, na, kila jioni ya Mungu, "na wale wa Nyawera, wa ile mardi".

Na mimi njo nilikuwa muitikiaji. Kila jioni maman anawaombea watu wangu wa uongo, kwa magoti yale mabovu, na mimi nasema amina. Mara ngapi nilifungua kinywa nimuambie! Maman, hakuna aliyekufa Nyawera. Maman, ni uvivu wangu. Ningemutoa angalau hao kwa mabega yake. Lakini kumuambia hivyo ni kumuambia pia kwamba Mamzeli alikuwa na siku yake, na saa yake, na dawa ya usingizi iliyohifadhiwa, na kwamba nilikuwa nakunywa chai. Nikasema nitasema kesho. Ni mimi yule yule wa kesho.

Maman alikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Nilimutafutia sambaza, nilimutafutia hata ndizi tamu. Nililaza muto mapajani mwake, nikidhani mapaja yatadanganyika. Alinitazama kwa huruma, akaurudisha muto kitandani.

Kiangazi kilipoingia, alikufa. Neno lake la mwisho nililolisikia vizuri lilikuwa sala ile ile, na lilipofika Nyawera lilikatika. Nililimalizia mimi. Naam, nililimalizia! Nani mwingine angelimalizia?

Barabara ya Kamanyola ilifunguliwa baadaye. Nilitoka, mimi huyu, nikasimama pale malori yanapofika, siku nyingi. Niliuliza madereva, niliuliza wauza muchele. Mumoja alisema anamukumbuka kijana mwenye kucheka sana. Wengine walisema wanaocheka sana walikuwa wengi. Innocent hakurudi, na mufagio ninao.

Basi nyinyi munaosoma, na hasa nyinyi wenzangu wa makalio mazito. Sungura akibeba majani kwa kinywa, akijing'oa manyoya, mumuache! Mumupe kartoni na nyasi kavu, mukae mbali. Kama munataka akatwe kizazi, mwende kabla dume hajaingia, na siku mutakayoambiwa, mwende na masikio inje, muchekwe, murudi. Na vita, ikiwa bado inawazunguka, musiitumie. Ina mambo yake ya kutosha. Ukiiazima kwa uvivu wako siku moja, itakuja kukaa ndani ya sala za maman yako, na hutajua namna ya kuitoa.

Kusema ukweli sidhani onyo hili litamusaidia mutu. Mimi mwenyewe nilionywa na kopo la maharagi.

Baada ya matanga ya maman, watu walipokwisha kutawanyika, Maman Nabintu alibaki kunisaidia kuosha sahani. Komanda alikuwa anazungukazunguka uani kwetu, ananusanusa lile tundu. Nikaona nikikaa na jambo hili peke yangu nitapasuka. Nikamuambia: ile mardi, hakukuwa na risasi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa pale kutwa nzima. Niliuza mpaka kichwa ya mwisho ya samaki."

"Na kwa nini hukuniumbua?"

"Mbele ya maman yako? Angemuamini nani tena mu nyumba hii?"

Nikaanza kulia, nikamueleza na yale mengine, chai, kufagia, Docta na dama yake, sala za kila jioni. Nililia nikimungojea aniambie si kosa langu, kama watu wanavyosema kwenye matanga. Maman Nabintu aliosha sahani ya Innocent, akaipanguza mbele na nyuma, akaiweka juu ya zingine. Kisha akasema:

"Mungetuachia tuikule ile sungura siku ya Noeli. Maman yako angekufa ameonja supu."